Tramadoli, degedege na sindano ya naloksoni

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Niko Lamu mjini. Mdogo wangu ana miaka 24, anachonga mawe Maweni, kisiwani Manda. Kwa sababu ya mgongo amekuwa akimeza tramadoli anayouziwa mkononi. Juzi usiku alimeza vidonge kadhaa kwa pamoja, baada ya saa mbili hivi akaanguka, akakakamaa, akatupa mikono na miguu, povu likamtoka. Tulimvusha hadi Lamu, akadungwa naloksoni, na muda si mrefu akashikwa tena. Mama anasema ni kifafa, jirani anasema ni jini, wengine wanailaumu sindano. Je, dawa ya maumivu yaweza kuleta kifafa? Sindano ile ilikuwa makosa? Na akianguka tena tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Ndiyo, tramadoli huleta degedege, na huweza kumletea mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa wala hana mwenye kifafa katika ukoo wake. Ni dhara linalojulikana siku nyingi, limeandikwa kwenye kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya pakiti, ambacho mnunuzi wa vidonge vitatu vya mkononi hakioni kamwe. Ama sindano, ikiwa pumzi zake zilikuwa zimepungua, haikuwa makosa. Ila naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya afyuni, hurudisha pumzi, haizuii degedege la tramadoli. Mkidhani imemaliza kazi zote mbili, mtaacha kumwangalia mapema mno.

Sababu iko kwenye dawa yenyewe. Tramadoli ilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Grünenthal, ikaanza kuuzwa mwaka 1977, na inafanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ni ile ya jamii nzima ya afyuni, yaani morfini, kodeini, heroini na wenzao: inashika vipokezi vya afyuni kwenye ubongo na uti wa mgongo, maumivu yanapoa, usingizi unakuja, na dozi ikizidi pumzi zinapungua. Sehemu kubwa ya kazi hii haifanywi na tramadoli jinsi ilivyomezwa bali na kile ambacho ini huitengeneza kuwa, na maini ya watu hayalingani kwa kasi. Ndiyo maana wawili wakimeza dozi moja, mmoja hulalamika kwamba haikumfanyia kitu na mwenzake akalala fofofo.

Njia ya pili hufanana na ya dawa za unyogovu. Tramadoli huzuia serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo seli za neva hupashana habari kwazo, zisirudishwe ndani ya seli hizo, kwa hiyo zinajaa nje na kuendelea kuzisisimua seli. Kwa dozi ya kawaida hilo husaidia kupunguza maumivu. Dozi ikipanda, msisimko unazidi breki za ubongo na seli nyingi zinafyatuka kwa pamoja. Hapo ndipo mtu anaanguka. Basi usiku uleule mtu mmoja anaweza kuwa na ubongo uliosisimka kupita kiasi na pumzi zinazozimika. Morfini na heroini hazina njia hii ya pili. Mtu wa heroini akipata degedege, mara nyingi ni kwa sababu ubongo umekosa oksijeni baada ya pumzi kupungua, au amechanganya na kitu kingine.

Tofauti hiyo mnaweza kuiona kwa macho, na ni vyema kumweleza daktari. Aliyekuwa amekaa anaongea, pengine anatetemeka vidole na kutoka jasho, kisha ghafla akakakamaa: hilo lina sura ya tramadoli. Aliyekuwa amelala, anakoroma kwa kukatika, midomo imegeuka rangi, halafu ndipo akatukutika: huyo alikuwa anakosa hewa, na kila dakika ya kungoja inamharibu ubongo. Msitegemee mboni za macho peke yake. Mtu aliyezidisha afyuni huwa na mboni ndogo kama ncha ya kalamu, lakini kwa tramadoli zinaweza kuwa za kawaida au hata kupanuka.

Sasa dozi. Kwa mtu mzima mwenye figo na ini zima, kikomo ni miligramu 400 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 50 vilivyogawanywa kutwa, si kwa mkupuo. Aliyepita miaka 75 hazidishi 300. Mwenye figo dhaifu au ini bovu hupewa kidogo zaidi na kwa kuachanisha saa 12. Degedege huwapata zaidi wanaovuka kikomo hicho, lakini limewapata pia watu walio ndani ya dozi halali, hasa wakiwa na dawa nyingine mwilini. Kwa hiyo mtu akiniambia "alimeza mbili tu", swali langu ni mbili za miligramu ngapi.

Hapa nendeni mkaitafute ile pakiti, hata kama imebaki karatasi ya fedha iliyochanika. Igeuzeni upande wa nyuma. Tafuteni jina, kisha namba iliyo mbele ya herufi mg. Ikiwa ni 50, hiyo ni kapsuli ya kawaida. Ikiwa ni 100, 150 au 200, tazameni kama kuna herufi SR au XL, au neno retard. Alama hizo zina maana kidonge kimetengenezwa kitoe dawa polepole kwa saa 12 au 24. Kikitafunwa au kikisagwa, dozi ya kutwa nzima inaingia mwilini kwa mara moja. Na kikimezwa kizima, kilele chake huchelewa: kapsuli ya kawaida hufikia kilele kama saa mbili baada ya kumezwa, ile ya polepole huchukua saa nne au zaidi. Kisha kuna vidonge vya magendo. Sehemu nyingine za Afrika vimekamatwa vya miligramu 225 na 250, namba ambazo daktari haandiki. Viwili vya namna hiyo vimeshavuka kikomo cha siku. Na kilichofungwa kwenye kipande cha nailoni bila jina, kihesabuni kama kitu kisichojulikana, muuzaji aseme atakavyosema. Pakiti ndiyo mzigo wa kwanza kuingia mfukoni mnapoelekea hospitali.

Mchanganyiko ndio unaoangusha wengi, na kwa kijana wa Maweni ningeuliza kuhusu muguka na miraa kabla ya kitu kingine. Muguka humkesha mtu, na kukosa usingizi peke yake hushusha kizuizi cha degedege. Mtu amekesha, hajala vizuri, amefanya kazi juani, maji kidogo, kisha anameza tramadoli ili asubuhi mgongo ukubali kuinama tena. Ubongo huo uko tayari kwa msiba. Pombe nayo hufanya mabaya pande zote, huongeza usingizi na kupunguza pumzi ikiwa mwilini, na kwa mlevi wa kila siku huleta degedege ikikatwa ghafla.

Zipo pia dawa za hospitali. Amitriptilini mara nyingi hupewa wagonjwa haohao wa mgongo na ganzi za miguu, ikiongezwa juu ya tramadoli na mtu ambaye hakuuliza mgonjwa anameza nini. Fluoksetini na jamaa zake za unyogovu huongeza serotonini, na fluoksetini tena huzuia kimeng'enya kinachoibadilisha tramadoli kwenye ini, kwa hiyo tramadoli yenyewe inalimbikizana. Klorpromazini ya maradhi ya akili, siprofloksasini ya kuua bakteria na meflokwini ya malaria, kila moja hushusha kizuizi cha degedege kwa namna yake. Siandiki haya ili mtu aache dawa aliyopewa kliniki. Nataka anayeuza na anayemeza waambiane ukweli pale kaunta.

Kuna ujanja mmoja wa mtaani: kumeza bugizi, yaani vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, pamoja na tramadoli "ili usianguke". Ni kweli dawa za kundi hilo hutuliza degedege, sisi wenyewe tunazitumia hospitalini. Lakini pamoja na afyuni huzima pumzi, na nyumbani hakuna mtungi wa oksijeni wala anayehesabu pumzi saa nane za usiku. Zaidi ya hayo, aliyezoea bugizi akiikosa siku mbili tatu huweza kuanguka kwa kuikosa huko.

Turudi kwenye sindano. Naloksoni huvitoa vipokezi mikononi mwa afyuni, na kwa dakika chache pumzi zinarudi. Njia ya serotonini na noradrenalini haiigusi. Wanyama waliopewa sumu ya tramadoli kwenye majaribio walipata degedege zaidi walipodungwa naloksoni, na ndiyo maana maelezo rasmi ya tramadoli yana onyo hilo. Kwa binadamu ushahidi hauelekei upande mmoja, na tramadoli peke yake huweza kurudia degedege ndani ya saa za mwanzo bila sindano yoyote. Kwa hiyo hamwezi kusema kwa uhakika kwamba sindano ndiyo iliyomrudisha. Na hata kama ilichangia, degedege la dakika mbili lina tiba, lakini ubongo uliokosa hewa dakika nyingi haurudishwi. Pumzi zikiwa zimezimika, naloksoni hudungwa.

Jambo la kujadili ni namna ya kuidunga. Daktari mwenye mshipa wa mgonjwa na oksijeni mkononi huanza na kidogo, miligramu 0.04 hadi 0.1, akarudia kila baada ya dakika mbili tatu mpaka pumzi zifike 12 kwa dakika. Shabaha ni pumzi. Mgonjwa si lazima aamke akae aeleze kilichotokea. Ampuli nzima ya 0.4 kwa mkupuo kwa mtu aliyezoea humtia arosto ya ghafla, yaani dhiki ya kukosa dawa: kutapika, jasho, kuruka kitandani. Asiye na mshipa wala oksijeni, kwa mfano muuguzi wa zahanati ya kisiwani, atadunga 0.4 kwenye msuli, na hapo yuko sahihi. Na ikiwa pumzi zilikuwa nzuri tangu mwanzo, naloksoni haikuhitajika. Kuidunga kwa sababu tu mtu amemeza tramadoli ni kosa. Kumbukeni pia kwamba nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90, na tramadoli huchukua kama saa 6 kupungua nusu. Pumzi zinaweza kuzimika tena mkidhani mambo yameisha.

Akianguka tena nyumbani, mmoja wenu atazame saa ya simu papo hapo. Sogezeni mawe, mitungi, jiko la makaa. Wekeni nguo laini chini ya kichwa, legezeni shingo. Msimshike mikono kuzuia mtukutiko, msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, kwa sababu ulimi haumezwi na jino lililovunjika linaweza kuingia kwenye mapafu. Kitunguu, kiatu puani, ndimu, maziwa, madafu, vyote viacheni. Chochote cha majimaji kinywani mwa mtu asiyejitambua kinaelekea kifuani. Msimtapishe pia, hata akiwa bado macho, maana degedege likimkuta katikati ya kutapika ndipo anaposakamwa. Mtukutiko ukilegea, mlazeni ubavu, mguu wa juu umekunjwa mbele, uso umeinama kidogo ili mate yatoke.

Degedege nyingi za tramadoli huisha zenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Zikifika dakika 5, au likija la pili kabla hajajitambua, hiyo ni dharura ya kukimbizwa. Kwa mwenye sumu ya tramadoli, hata likiisha kwa dakika moja bado nataka afike hospitali.

Sasa sehemu ngumu, dakika zinazofuata. Baada ya degedege kila mtu hulala usingizi mzito na kukoroma, na familia hupumua ikasema amepumzika. Usingizi wa baada ya degedege hupungua kadiri muda unavyokwenda. Usingizi wa afyuni huzidi. Wekeni kiganja juu ya tumbo lake, hesabuni pumzi kwa dakika nzima, si robo dakika mkazidisha kwa nne. Pumzi 12 hadi 20 ni za kawaida. Zikishuka chini ya 12 msimwache hata sekunde. Zikiwa 8 au chini, au zinakatika, anahitaji kupuliziwa: kichwa kiinuliwe nyuma, pua ibanwe, pumzi moja kila sekunde 5 au 6 mpaka kifua kionekane kikipanda. Tazameni rangi ya ufizi na ndani ya midomo, si ngozi ya uso. Sugueni mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole: aliyechoka kwa degedege atakunja uso au kusukuma mkono wako, aliyezidiwa na dawa hatashtuka. Kisha baada ya dakika 5 hesabuni tena na mwandike.

Kwenu kuna bahari katikati, basi na hilo lina kanuni zake. Kwenye mashua mlazeni ubavu sakafuni, kichwa upande ambako mtu anaweza kupiga magoti na kumtazama uso, mbali na injini na madumu ya petroli. Asikalishwe ubaoni akishikiliwa mabega, maana degedege likirudi atakwenda na aliyemshika majini. Mvisheni jaketi la kuokolea likifunguka mbele, lisimbane kifua. Akifika ng'ambo asipandishwe punda. Machela, au hata mlango uliong'olewa, ni bora kuliko kumkalisha.

Hospitalini, mambo mawili mwaweza kuyauliza bila kuona haya. Kwanza, je, sukari imepimwa? Tramadoli yenyewe huweza kuishusha, na sukari iliyoshuka huleta degedege pia. Chumvi ya sodiamu nayo huweza kushuka. Pili, mwambieni daktari kwa jina kwamba ni tramadoli, hata kama mnaogopa aibu au polisi, kwa sababu tiba ya degedege hili ni diazepamu au dawa ya kundi lake, kwa mshipa polepole, kwa kawaida miligramu 10 kwa mtu mzima, huku pumzi zikilindwa. Fenitoini, dawa ya kifafa, si chaguo la kwanza kwa degedege la sumu. Akiwa na homa, kutetemeka, miguu inayorukaruka ukiukunja wayo juu, jasho na wasiwasi, hiyo ni serotonini iliyozidi. Atatulizwa na kupozwa, na pethidini isimguse. Pethidini ni dawa nyingine ya maumivu inayoleta degedege, kupitia mabaki yake yanayoganda mwilini hasa kwa mwenye figo mbovu, na naloksoni haiyaondoi. Degedege la tramadoli karibu lote hutokea ndani ya saa 24, kwa hiyo mimi sioni faida ya kumruhusu kabla ya hapo.

Je, ni kifafa? Kwa ulivyoeleza, bado. Kifafa hutambuliwa kwa degedege zisizo na chochezi, angalau mbili zilizopishana zaidi ya saa 24. Mbili za usiku mmoja juu ya tramadoli hazihesabiki hivyo. Asianzishiwe dawa za kifafa za miaka kwa sababu hiyo. Akiandikiwa kabamazepini huku akiendelea kujinunulia tramadoli ni hasara juu ya hasara: kabamazepini hushusha kiwango cha tramadoli mwilini, maumivu yanarudi, naye ataongeza vidonge. Uchunguzi wa kifafa ufanywe likija degedege bila tramadoli, likianza upande mmoja wa mwili, likiwa na homa, au kama aliwahi kugongwa kichwa na jiwe. Habari ya jini sitaibishania; someni dua, lakini someni mkiwa njiani kuelekea hospitali.

Tramadoli asiirudie. Ila kama amekuwa akiimeza kila siku kwa wiki nyingi, kuikata nyumbani kwa siku moja kutamletea arosto ya kawaida, yaani kuharisha, miayo, vipele vya baridi, na juu yake wasiwasi mkali, hisia kama za umeme kichwani, pengine kuona visivyokuwepo. Apelekwe kliniki apangiwe. Akiwa tayari ameshikwa na uraibu wa jamii ya afyuni, Hospitali ya Malindi ina kituo cha methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, na huko ataulizwa pia kuhusu bugizi na pombe, ajibu kweli. Jambo moja la hatari mno ni kurudia dozi ya zamani baada ya kuacha kwa wiki kadhaa. Mwili umeshasahau, na kilichokuwa kikimtosha jana huweza kumuua leo.

Mgongo wenyewe hautaki afyuni. Parasetamoli gramu 1, isizidi mara 4 kwa siku, pamoja na ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya chakula kwa siku chache, ikiwa hana vidonda vya tumbo wala shida ya figo, na anywe maji ya kutosha kwa kuwa anafanya kazi juani. Mguu ukifa ganzi au kukosa nguvu, au haja zikimponyoka, hapo aende hospitali siku hiyohiyo. Kurudi kuchonga mawe kusubiri ruhusa ya daktari. Mpaka hapo asipande ngazi, asiogelee, asishike usukani wa mashua wala boda boda, na akivuka kwenda Manda avuke na mtu anayejua kilichompata.